Mchezo wa Wardah ni wa Aina Gani?

Baraza la kahawa la Bombolulu limeegemea ukuta wa duka la Hadi la vitambaa, na hakuna jambo la dunia ambalo halijahukumiwa pale. Alasiri hiyo Hadi mwenyewe, aitwaye Kadhi kwa kupenda kukata hukumu, alikaa kifua mbele. Wardah, binti wa nduguye, alikuwa ametengeneza mchezo wa simu kwa mikono yake, na kesho angeupeleka kwenye maonyesho mjini. Kilichobaki ni kusema ni mchezo wa aina gani, na Hadi alishamuahidi jibu kabla ya magharibi. Hakujua lolote, ila kukiri hivyo mbele ya wenziwe ingekuwa aibu ya mwaka.

— Ni ile michezo ya kuvaa uhusika, alianza. Wawa mtu mwengine, wapewa kazi, wapigana, nguvu zaongezeka.

— Huo ni ukoo, Kadhi, si aina, akasema Talha, fundi cherehani waliyembandika jina la Mkasi. Kuna ya zamu: nikupige, kisha ningoje unipige. Na kuna ya papo kwa papo, hapana kungojana.

— Ya zamu ndiyo ya waungwana, Hadi akakata. Wa Wardah ni wa zamu, wallahi.

Wardah alikuwa mlangoni na simu mkononi.

— Ami, kwani...

— Ngoja mwanangu, wazee twasema.

Changawa, mtengeneza mafriji, Injinia wa baraza, akaweka kikombe chini.

— Mwaenda mbio. Tazameni huyo mtu atoka wapi. Kuna mchezo wakupa mtu tayari, na jina lake na kisa chake, wewe wamfuata tu. Na kuna ule wamuumba mwenyewe, hata pua wachagua.

— Basi mimi ni wa aina ya kwanza, Mkasi akasema. Pua hii sikuulizwa.

Wakacheka. Hadi akaagiza kahawa nyengine, maana jibu lilikuwa linazidi kumkimbia.

— Kuna na ya dunia wazi, Injinia akaendelea. Waagizwa ukaokoe ufalme, wewe waenda zako kuvua samaki.

— Huyo ni shemeji yangu! Mkasi akadakia.

— Ukitaka hasa, Injinia akazidisha, feri ya Likoni nayo ni mchezo wa uhusika. Waingia na mzigo, hujui utatoka saa ngapi, na ukitoka umekomaa.

— Na arusi je? Mkasi akapaza sauti. Wavishwa joho, wapewa jambia, mamamkwe akupa kazi. Ukimaliza, akupa nyengine kubwa zaidi. Huo hauna mwisho!

Pembeni alikuwa amekaa Morgan, mpangaji mgeni kutoka bara, akinywa kahawa yake.

— Samahani wazee, akasema. Hiyo gemu yenyewe, ni nani hapa ameicheza?

Kashata ya Mkasi ikakomea njiani. Hadi akageukia mlangoni.

— Wardah! Hebu lete hiyo simu.

— Abee, Ami.

Kwenye kioo palikuwa na mtaa, ukuta, na wazee watatu wenye vikombe. Hadi akamsukuma mtu wake mbele upesi, akakatiza barazani. Wazee wote watatu wakampa mgongo, na mtu wake akarudishwa mlangoni alikoanzia.

— Nimekosa nini?

— Umewapita wazee bila kuamkua, Ami.

Hadi, ambaye hakuna mtoto wa Bombolulu asiyewahi kugombezwa naye kwa kosa hilo hilo, akacheka mpaka machozi.

— Na nguvu zapatikana wapi? Kwa upanga?

— Hapana upanga. Ukimuamkua mtu akujua, na akikujua akufungulia mlango.

Hadi alikuwa akijivunia binti yule tangu asubuhi, lakini sasa ndipo alipojua kwa nini.

— Waambie kesho, mwanangu, aina yake haikuwapo. Imeanza hapa Bombolulu.

Kisha akarudi mlangoni mwa mchezo, akaanza upya, na akawaamkua wale wazee wa kwenye simu kwa sauti kubwa. Baraza zima likamuitikia.