Duka la Mofa na Hesabu Mpya ya Leseni

Kijiwe chetu kipo Jadida, hapa Wete, kwenye baraza ya marehemu Bi Tatu, na ikisha kuswaliwa laasiri usitutafute kwengine. Yupo Nyange na birika lake la kahawa. Yupo Talal, muuza misumari na rangi, tunamwita Waziri kwa kuwa hajawahi kukosa jibu. Ridha fundi simu ndiye Redio, hutangaza hata asichokisikia. Mimi ni Moosa, lakini wamenibandika jina la Kesho, kwa uonevu tu. Siku hiyo nilikuwa na dhiki. Mke wangu Rahila anaoka mikate ya mofa nyumbani miaka yote, na sasa amepata kiduka cha kukodi pale njia panda. Mwenye kiduka anataka jibu kabla ya magharibi, la sivyo anampa mtu mwengine. Rahila kanituma niulizie hesabu mpya ya ada ya leseni ya biashara. Zamani yalitazamwa mambo chungu nzima, sasa tangazo la serikali linasema ni mawili tu: biashara gani, na eneo kubwa kiasi gani. Basi nikaja kuulizia kijiweni. Ningekwenda wapi?

Redio: Mawili tu? Yakhe, usidanganyike! Kitu cha ofisini kikiwa chepesi, ujue kizito kimefichwa nyuma.

Waziri: Enhe! Watapima mpaka kivuli cha duka.

Nyange: Cha asubuhi au cha jioni?

Waziri: Kile kirefu.

Mimi: Lakini tangazo linasema ndani ya duka.

Waziri: Weye unasoma tangazo, miye nasoma nia. Ndiyo maana nimejenga ukuta katikati ya duka langu. Nusu duka, nusu leseni. Si wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta? Basi miye ukuta nshaujenga, ufa utajijua wenyewe!

Nilicheka, ingawa roho ilikuwa juu. Huo ukuta nimeuona. Mteja anaingia ubavu ubavu, na makopo ya rangi yamebaki upande wa pili, hata yeye mwenyewe hayafikii.

Redio: Ukuta hausaidii. Kuna mitambo huko angani, inaona mpaka chini ya bati. Mwenye macho haambiwi tazama!

Nyange: Subhanallah! Na miye je? Kahawa naitembeza. Eneo langu si Wete nzima?

Waziri: Na Gando.

Nyange: Gando nilikwenda harusini!

Redio: Birika ulilibeba?

Nyange: Nililibeba, lakini...

Redio: Basi Gando imo. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Maskini Nyange, alilitazama birika lake kama mtu anayeagana na jamaa.

Mimi: Jamani, nimwambie nini mke wangu?

Waziri: Asubiri. Hesabu ya zamani ilikuwa na heshima yake. Tumeizoea.

Redio: Subira yavuta heri.

Na mimi, Mola anisamehe, nikaanza kukubali. Kusubiri kwangu ni kazi nyepesi.

Mara tukasikia salamu. Rahila amesimama njiani, mikono ya buibui lake ina unga.

Waziri: Waalaykum salaam, shemeji! Karibu.

Rahila: Ahsante, sikai. Baba Shatha, jua linatua. Umepata jibu?

Mimi: Waziri anasema tusubiri. Hesabu ya zamani ilikuwa bora.

Rahila: Ahsante kwa nasaha, shemeji Talal. Basi nifahamishe na mimi. Hiyo ya zamani ilikuwa ikihesabiwaje?

Waziri akajiweka sawa barazani, tayari kujibu. Duka alirithi kwa babake, leseni amelipia tangu ndevu hazijaota.

Waziri: Afisa... alikuwa akija. Akitazama dari.

Rahila: Halafu?

Waziri: Halafu anataja pesa.

Rahila: Anataja kwa hesabu gani?

Redio akamtazama Nyange. Nyange akaanza kusuuza vikombe visafi. Nami nikaona haya, maana kuuliza nilikuja mimi, na swali hilo halikunijia.

Rahila: Hii mpya nimeihesabu mwenyewe, kwa vidole, huku nakanda unga. Nikikosea, nitajua nimekosea wapi. Wakikosea wao, nitajua pa kuwashika. Nimechoka kuogopa kitu nisichokijua, shemeji zangu. Kwaherini.

Akashika njia.

Nyange: Kesho, kahawa yako inapoa.

Mimi: Inywe weye!

Nikatoka mbio, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. Njia panda nikamkuta mwenye kiduka anafunga, na Rahila kasimama mbele yake.

"Haya," akasema yule bwana, "mnakichukua au mnasubiri?"

Rahila akanigeukia. 

"Tunakichukua," nikasema, na mkono wa kupokea ufunguo ukawa wangu.