Maisha ya Mama Korido wa Wodi ya Mifupa

Ndugu waombolezaji, familia imekusanya kumbukumbu hizi za mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Korido, na tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwa sababu sehemu ya mwisho ni nzito, na mume wake ameagiza isomwe kama ilivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1962, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa karani wa posta na mkewe mshonaji; cheti chake kinaonyesha tarehe 14, lakini hiyo ni siku ambayo baba yake alipata nafasi ya kwenda kumwandikisha, na sisi tunafuata kauli ya mama mzazi, ambaye siku ya kuzaliwa alikuwepo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari ya wasichana ya bweni hadi 1979, ambako alikuwa mdakaji hodari wa netiboli, mpaka tarehe 8 Julai 1978 alipoanguka uwanjani akavunjika kiwiko cha kushoto. Plasta ilitolewa baada ya wiki sita, lakini mama yake, kwa kumwonea huruma, aliufunga mkono ule kwa kitambaa miezi mitatu zaidi, asije akaumia, na haukunyooka tena. Yeye alikuwa akitania kwamba amejaliwa ndoano ya kutundikia kapu, ila utani ukiisha aliongeza kwamba mfupa ulipona, kilichomlemaza ni huruma.

Kwa sababu hiyo alijiunga na chuo cha tiba ya mazoezi ya viungo mwaka 1981, akahitimu mwaka 1983, na kuanzia tarehe 2 Januari 1984 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2022 alifanya kazi katika wodi moja tu, wodi ya mifupa, yenye korido ya hatua ishirini na nane za mtu mzima, ambazo kwa mgonjwa wa nyonga ni sitini na kitu. Aliyefanyiwa upasuaji jana, leo alimkuta marehemu miguuni pa kitanda na magongo mawili, akimwambia, "Haya, baba, shuka, kitanda hiki si cha urithi," na aliyelia kwamba anakufa aliambiwa, "Wanaokufa hawapigi kelele hivyo, sogeza mguu."

Mwezi Februari 1986 aliletwa wodini fundi paa aliyeteleza juu ya bati na kuvunjika paja, akaomba aachwe mpaka kesho, naye akajibiwa kwamba kesho ni ya daktari, leo ni ya Mama Korido; fundi akamwambia, "Dada, una roho ya jiwe," naye akasema, "Basi niegemee, jiwe halianguki." Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1987, fundi akiingia ukumbini bila gongo, wakajaliwa binti mwaka 1989 na mapacha wa kiume mwaka 1992, na wajukuu wanne.

Baada ya kustaafu alikuwa akiwakusanya majirani wenye magoti mabovu kila Jumamosi asubuhi, wakaizunguka mitaa mitatu, yeye mbele.

Tarehe 3 Agosti 2024, akifua uani, aliteleza kwenye maji ya sabuni akavunjika nyonga ya kulia, akafanyiwa upasuaji tarehe 5, na kesho yake alisimamishwa na mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ndiye mtaalamu wa wodi ile. Alitembea hatua nne. Aliporudi nyumbani tarehe 11, aliketi ukingoni mwa kitanda, akajaribu kuinuka, akarudi chini, akalia, jambo ambalo mume wake hakuwa ameliona kwa miaka thelathini na sita ya ndoa, kisha akamwambia, "Baba, sikujua inauma hivi. Na wale watu wote niliowashusha vitandani?"

Mume akamfunika miguu. Kesho yake marehemu alisema, "Leo niache," naye akamwacha, na siku zilizofuata vilevile, na sisi watoto, ambao hatujawahi kumwamuru mama yetu, tulinyamaza. Mwanafunzi wake alifika kila asubuhi kwa siku kumi na tatu; mara nne aliingia, mama akakataa kushuka, na mara tisa mume alimrudisha kutoka mlangoni akisema mama amelala, hali yuko macho, ameelekea ukutani. Tarehe 25 mguu ulivimba, mama akasema si kitu, na tarehe 27 Agosti, saa moja na dakika arobaini asubuhi, damu iliyoganda mguuni ilikuwa imefika kwenye mapafu, akafariki kabla gari halijawashwa.

Hatukumkosea kwa chuki, tulimhurumia.

Tangu siku ile, watu wameingia sebuleni mmoja mmoja, mwalimu wa goti, dereva wa nyonga mbili, mama wa kifundo cha mguu, kila mmoja akimweleza mume kwamba maumivu ameyasahau, anachokumbuka ni siku alipofika mwisho wa korido, na mume amewajibu wote neno moja, "Mngemwambia yeye." Mlikuwa hamjui, wala hamna kosa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mifupa, majirani waliotupikia na kutulaza, na wafanyakazi wenzake wa miaka thelathini na minane. Kwako binti yetu, mwanafunzi wake, tunakuomba radhi kwa zile asubuhi tisa, na tunakuomba ukikuta mlango mwingine kama wetu, usikubali kurudishwa.

Ndugu, gari limeletwa, lakini mume amelikataa. Anaomba jeneza libebwe kwa miguu hadi makaburini, na wabebaji wawe wale aliowasimamisha mama, mbadilishane njiani, mwende polepole, asiwepo wa kumharakisha mwenzake.

Mama, ulikuwa unawadai shukrani, na wamekuja nayo. Pumzika kwa amani.