Eugenia Kokushubira na Gari la Vifuko Arobaini na Saba

Padri, wazee wa ukoo, majirani wa Buhongwa, na ninyi nyote mliovuka maji kuja kumzika wifi yangu: mimi ni Odeta Kaijage, dada wa marehemu mumewe. Nimeombwa nisome maisha yake kwa sababu nimemfahamu kwa miaka mingi kuliko wengi mlio hapa. Nimekubali, ila nimewaambia wanaye kwamba nitasoma yote, hata yanayoniaibisha.

Marehemu Eugenia Kokushubira alizaliwa tarehe 6 Septemba 1919 huko Kanyigo, Bukoba, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mkulima wa kahawa. Alisoma kwa masista kwa miaka minne, na huko ndiko alikojifunza kushona. Mama yake husimulia kwamba akiwa na miaka kumi alilifumua gauni lake la Krismasi lote ili aone lilivyoungwa, akalishona upya kabla ya misa. Alichapwa hata hivyo.

Tarehe 11 Juni 1938 alifunga ndoa na kaka yangu Cleophace, dereva wa lori la pamba, wakahamia Mwanza kwa meli. Walijenga hapa Buhongwa wakati nyumba za kando ya barabara ya Shinyanga zilipokuwa za kuhesabika, wakapanda migomba hii mnayoiona. Mungu aliwajalia Tereza na Deogratias. Eugenia alishonea barazani, na kufikia mwaka 1950 alikuwa na cherehani mbili na wateja mpaka Nansio.

Mwezi Agosti 1954 lori la Cleophace lilipinduka, akavunjika nyonga. Hakuweza tena kuchuchumaa wala kupanda lori. Mwanamume aliyezoea barabara alianza kushinda kwenye kiti, akiitikia salamu kwa kichwa tu. Kumwona hivyo kulimuuma sana Eugenia. Ndipo akasikia habari za gari lililokuwa ng'ambo ya ziwa, karibu na Kamanga.

Lilikuwa Shevroleti la mwaka 1937. Meneja mmoja wa kiwanda cha kuchambulia pamba aliliacha alipokwenda vitani, na karani wake, bwana Mihayo, akabaki nalo nyuma ya nyumba. Kuku walikuwa wakitagia kiti cha nyuma. Mke wa Mihayo alitaka cherehani. Eugenia akatoa cherehani yake moja, akapewa gari, akalivusha kwa tishari la pamba, na Februari 1955 likaburutwa na ng'ombe wanane mpaka uani hapa.

Mimi nilikuwepo, nilikuja kuwasalimia. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Wifi," nikamwambia, "umetoa cherehani nzima ukatuletea banda la kuku?"

"Limekuja na mayai kumi na mawili," akanijibu. "Wewe mumeo alikuja na mangapi?"

Kazi ikaanza. Cleophace alikaa kwenye kiti, fimbo mkononi, akionyesha. Eugenia alivaa kaptula ya mumewe chini ya gauni akalala chini ya gari. Hakuwahi kushika spana kabla ya hapo, kwa hiyo alilifungua gari kama fundi cherehani. Kila alichokifungua alikiweka kwenye kifuko cha kitambaa cha marekani, akakitia alama ya uzi: mwekundu kwa injini, bluu kwa giaboksi, na mishono ya kuonyesha kimetoka wapi. Vifuko alivitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo. Vilifika arobaini na saba, na nguo za nyumba nzima zikawa zinaanikwa juu ya migomba. Gasketi za karatasi alizikata kwa mkasi wa kitambaa. Valvu alizisaga kwa kuzipekecha viganjani, kama mtu anayepekecha mlenda. Vipuri vilivyokosekana alichongewa na fundi Shaibu wa mjini. Na Cleophace akapata tena sauti. Majirani walikuwa wakisikia wawili hao wakigombana juu ya kabureta, nao wakifurahi.

Kaka yangu alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 3 Mei 1957, gari likiwa bado limo vifukoni.

Sasa nafika kwenye aibu yangu. Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa ukaamua kwamba gari ni mali ya ukoo na mjane arudi kwao Kanyigo. Eugenia alisema gari lilitokana na cherehani yake. Hakuna aliyemsikiliza, hata mimi. Kaka yetu mkubwa, Felisiani, akanituma nikusanye vyuma. Nikachukua gunia, nikaifuata ile kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, nikavimwaga humo vifuko vyote arobaini na saba. Niliona nimefanya kazi safi.

Felisiani akamwita fundi Shaibu aje alifunge gari. Shaibu aliingiza mkono guniani, akautoa polepole.

"Nani kamwaga hivi?"

Nikasema ni mimi.

"Basi, mama, gari umeliua. Na wa kulifufua ni mmoja tu, huyo mnayemfukuza."

Kesho yake wenzangu wakaondoka, wakisema mjane abaki na chuma chakavu chake. Meli yangu mimi ya kurudi Bukoba ilikuwa baada ya siku tatu. Eugenia alitandika mkeka uani, akalimwaga gunia lote. Nilingoja matusi. Badala yake akasema, "Wifi, kaa hapa. Nishikie hivi vidogo." Kwa siku tatu tulikaa tukipanga nati kwa ukubwa wake. Nilichokiharibu kwa saa moja kilimchukua miezi kumi na sita kukirudisha. Sikumwomba radhi siku zile, kiburi kilinizuia. Leo naomba, mbele yenu nyote.

Tarehe 20 Septemba 1958 injini iliwaka. Mwaka uliofuata alipata leseni ya udereva. Na asubuhi ya tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru, aliliendesha mwenyewe kwenda mjini likiwa limejaa majirani wakiimba, kwenye viti vya turubai alivyovishona kwa mikono yake. Mimi nilikaa mbele. Askari akatusimamisha, akachungulia ndani, akauliza, "Mama, shikamoo. Mwenye gari yuko wapi?"

"Marahaba. Unaongea naye," alisema Eugenia.

"Na mimi ni wifi yake!" nikadakia, ingawa hakuna aliyeniuliza. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia yule mwanamke siku ile.

Tangu hapo gari lilikuwa taksi ya Buhongwa. Lilipeleka wagonjwa, lilipeleka maharusi, na watoto wanne walizaliwa humo kabla ya kufika hospitali. Wawili kati yao wanaitwa Eugenia.

Mwezi Novemba mwaka jana alianza kuvimba miguu, ikaonekana ni figo. Alilazwa mara mbili. Aliporudi nyumbani alimfundisha Tereza kazi yote, akiwa kitandani, dirisha wazi, akimfokea kila aliposikia injini ikikohoa. Alifariki Jumatano, tarehe 17 Juni 1964, alfajiri, mikononi mwa wanaye. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Marehemu ameacha mama mzazi, ndugu zake, watoto wawili, wajukuu watatu na wifi mmoja.

Ameacha pia gari. Jana mchana wazee wetu walilianza tena neno lilelile: mwanamke harithi, gari liende kwa mtoto wa kiume wa Felisiani. Kaka Felisiani, shikamoo, nakuona hapo mbele. Mwaka 1957 ulinituma nikaenda. Leo siendi. Deogratias amekwisha kusema kuwa hana madai. Nami, nikiwa shangazi yao na binti pekee wa Kaijage, natamka hapa kaburini, Padri akisikia: gari ni la Tereza, kama lilivyokuwa la mama yake. Mwenye neno aje kwangu.

Tereza mwanangu, tukimaliza kumfukia mama yako, washa gari uwapeleke wazee bandarini wakapande meli. Baba yako mkubwa Felisiani akae nyuma.

Wifi yangu, Mungu akulaze pema, upumzike kwa amani.