Ukurasa Aliouruka Mzee Fadeyibi

Mchungaji Kiongozi, Mfalme wa Odo-Ayan na wazee wa baraza lako, Mheshimiwa mjumbe wa Gavana, wafiwa wenzangu na majirani, anayesoma hapa ni Gbolahan Fadeyibi, mdogo wa marehemu kwa tumbo moja, na kazi hii angefurahi kumwachia mtu mwingine, lakini marehemu alimtaja kwa jina, na aliyekufa habishiwi.

Marehemu Ezekieli Olusanjo Fadeyibi alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika mtaa wa Isale-Odo hapa hapa mjini, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Josaya Fadeyibi, mkulima wa kakao, na Mama Wuraola, mtia rangi vitambaa, mwanamke ambaye wateja wake waliuogopa ulimi wake kuliko bei yake, na ulimi huo marehemu aliurithi wote, sisi wengine watano tukagawana kakao.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia Januari 1957 hadi Desemba 1962, ambako alichapwa mara tatu kwa kuigiza sauti ya mwalimu mkuu, mara ya tatu mwalimu mkuu mwenyewe akiwa nje ya dirisha anasikiliza huku akijizuia kucheka, kisha akaendelea na masomo ya kati na chuo cha ualimu, akahitimu Juni 1971. Alianza kufundisha tarehe 10 Januari 1972, akafundisha darasa la tano na la sita kwa miaka ishirini na mitatu, na wengi mlioketi hapa na vilemba vyenu vya bei aliwafundisha kusoma, ingawa baadhi yenu, kwa maneno yake mwenyewe, alifika nanyi mpaka herufi ya M akaomba uhamisho.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Abosede Titilola, fundi cherehani, katika kanisa hili, mbele ya madhabahu hii, na Mungu akawajalia watoto watatu, Morenikeji aliyezaliwa 1978, Adewumi 1981 na Ibidun 1986, wote wapo, pamoja na wajukuu saba.

Baada ya kustaafu ualimu, marehemu alikaa nyumbani akimsumbua mkewe hadi Jumatatu tarehe 5 Mei 2008, ilipofunguliwa Redio Owuro, akapewa kipindi cha kuwasomea watu magazeti kwa lugha yetu kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kipindi alichokiita Kabla ya Uji. Kazi yake ilikuwa kusoma ukurasa baada ya ukurasa na kutia neno lake pembeni, na mji mzima ulimsikiliza, wauza nyama walizima mashine zao za kusagia, waumini wa swala ya alfajiri walichelewa kuondoka msikitini kwa sababu redio ya mlinzi ilikuwa pale mlangoni, na gazeti lenyewe nani alilinunua, hakuna, kwa nini ununue kitu ambacho Baba Moreni, kama mji ulivyomwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, atakusomea bure na kukuchekesha juu yake?

Ulipofika uchaguzi wa gavana wa mwaka 2015, marehemu alikuwa katika kilele cha kazi yake. Wagombea wakubwa walikuwa wawili, Injinia Sunmola Oyebisi, aliyehama chama mara tatu kati ya Jumatatu na ibada ya Jumapili, na Chifu Bolarinwa Agboluaje, aliyekuwa kamishna wa afya wa jimbo. Kuhusu Injinia, marehemu alisema hewani, nanyi mnakumbuka, "Wasikilizaji wangu, mheshimiwa ana cheti cha sekondari cha mwaka 1974, na shule yenyewe msingi wake umechimbwa 1977, tumpongeze, ndiye mtu wa kwanza jimboni kumaliza shule kabla shule haijaanza." Kuhusu mchele wa kampeni ya Chifu, uliogawiwa katika magunia yenye uso wake, alisema kuna mama ameziba banda lake la kuku kwa gunia hilo na kuku wamekataa kuingia.

Lakini lililomkaa Chifu kooni lilikuwa jengo jipya la hospitali yetu, chumba cha mashine za kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, alichokifungua yeye akiwa kamishna. "Mashine nne zilikuja kutoka Lagos," marehemu alisema, "zikakatiwa utepe, zikapigwa picha, zikanusa wali wa sherehe, zikapanda lori kurudi kwao kabla wageni hawajanawa mikono." Watu walicheka mpaka wakalia, na Chifu akajibu kwamba mashine zimepelekwa matengenezo, na hakukuwa na karatasi ya kumkanusha, basi tukaendelea kucheka, na mtu akishacheka huona kama ameshalipiza.

Hapa ndipo familia inawaomba uvumilivu.

Januari mwaka huo huo Mama Abosede alianza kuvimba miguu, wakamwambia ni figo, na kwa kuwa chumba chetu cha hospitali kilikuwa na kibao mlangoni na hakina kitu ndani, alipelekwa hospitali ya mji wa Ibadan mara mbili kwa wiki, mpaka shamba la kakao la marehemu baba likauzwa, na gari la Adewumi likauzwa, na wiki zikawa bado zinakuja. Jumanne tarehe 31 Machi, adhuhuri, Chifu Bolarinwa Agboluaje alifika Isale-Odo katika gari dogo, bila walinzi wala wapiga ngoma, akaingia chumbani kwa mgonjwa, akavua kofia, akalala kifudifudi sakafuni, kifua kikigusa saruji, kumsalimia marehemu kama inavyompasa kijana wetu aliyelelewa mbele ya mkubwa wake. Marehemu alinieleza kwamba alikuwa ameandaa matusi ya kutosha kwa siku ambayo mtu huyo angemkanyagia kizingiti, lakini mtu akishakulalia kifudifudi nyumbani kwako, na hujamwambia inuka, na mkeo mgonjwa anatazama, matusi yote yanakukimbia.

"Inuka," alimwambia.

"Baba, endelea kunitukana," Chifu alisema akiwa bado chini, "jimbo zima linacheka, hata mimi nacheka. Sikuombi unisifu. Mama atatibiwa Ibadan bila nyinyi kutoa chochote, nimeshaongea nao. Ijumaa ya wiki ijayo kuna habari moja itatoka, ukurasa wa tano. Hiyo tu, Baba. Ukifika hapo uchoke kidogo."

Ijumaa tarehe 10 Aprili 2015, siku moja kabla ya kura, marehemu alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, akafika wa tano, akasema, "Hapa pana matangazo ya minada tu, tusipoteze uji," akaenda kwenye mpira. Siku ya pili tulipiga kura. Chifu alishinda jimbo zima kwa tofauti ya kura elfu moja mia mbili na sita, akawa Gavana hadi leo, na mji wetu peke yake ulimpa zaidi ya elfu nne, watu waliosema kwamba kama habari za mashine zingekuwa kweli, Baba Moreni asingenyamaza.

Mama Abosede aliambiwa kwamba kanisa limechangisha fedha za matibabu, akaamini, akawa akikutana na akina mama wa umoja wa kanisa anawashika mikono na kuwashukuru huku machozi yanamtoka, nao wakapokea shukrani wasizojua ni za nini, wakidhani pengine ni ugonjwa; akina mama, sasa mmejua. Aliishi mwaka mmoja na miezi mitano, akashona nguo ya ubatizo ya mjukuu wa tano, akafariki tarehe 21 Septemba 2016 akiwa na amani. Marehemu aliniambia hajutii hata siku moja kati ya siku hizo, na kwamba hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Kisha Julai 2017 kijana Kehinde, mmoja wa mapacha wa jirani yetu Mama Ibeji anayeuza bajia za kunde pale njia panda, aliugua homa, homa ikageuka mkojo mweusi, figo zikasimama. Tarehe 3 Agosti walimpeleka hospitali yetu, wakafunguliwa chumba chenye kibao, wakaonyeshwa sakafu. Alifariki njiani kuelekea Ibadan, ana miaka kumi na tisa, kichwa kikiwa mapajani kwa pacha wake Taiwo. Marehemu alikwenda mazishini, akabeba jeneza, akarudi nyumbani.

Tarehe 2 Oktoba 2017 aliacha redio. Aliwaambia wenzake kwamba daktari amemkataza kutumia koo, lakini hakuna daktari aliyesema hivyo. Kwa miaka zaidi ya minne, mkikutana naye mkamuuliza, "Baba, unarudi lini hewani?" alishika shingo na kujibu, "Koo, mwanangu." Kila asubuhi alikwenda kwa Mama Ibeji, akanunua bajia za watu wawili, akazipeleka nyumbani na hakuzila, nasi tulidhani ni uzee. Mama Ibeji alikuwa akimwongezea moja, akimwambia, "Kula, Baba Moreni, unakonda kama umefiwa wewe," naye akisimama pale na kifurushi mkononi, mdomo umefunguka, kisha akasema ahsante na kuondoka.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2018, na tarehe 6 Juni 2021 alipata kiharusi kilichomlegeza upande wa kulia. Jumapili tarehe 12 Desemba aliniita, akasema maneno haya kwa taabu, na nimeyaandika kama yalivyotoka: "Gbolahan, siku ile usinipake poda. Waliokufa wote katika mji huu walikuwa wema, nimewasikiliza miaka sabini, sijui wabaya tunawazika wapi. Nilisoma aibu za watu kila asubuhi, wakiwa hai, watoto wao wakisikia. Soma na yangu." Nikamwambia, kaka, mwambie Mama Ibeji mwenyewe, yupo hatua arobaini kutoka hapa. Alilia. Akasema, "Nimekwenda kila siku. Mguu unafika, mdomo haufiki."

Alifariki Jumanne tarehe 8 Februari 2022, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na miezi kumi na moja kasoro siku sita.

Karatasi hii ilipoletwa kwenye kikao cha ukoo, wengi walitaka ichanwe, na Morenikeji, mtoto wake wa kwanza, alinifokea, "Baba mdogo, mtu mmezoea kumzika kwa heshima, wewe unataka kumzika mara mbili?" Akatoka, akakaa nje kwa muda mrefu, akarudi na kusema, "Isomwe. Lakini Mama Ibeji asiisikie pamoja na umati kama mgeni." Kwa hiyo juzi Jumatano tulikwenda nyumbani kwake, watatu, tukamweleza yote. Alikuwa anapepeta kunde. Hakuacha kupepeta. Mwishowe alisema, "Nitakuja. Nataka nisikie ikisemwa kwa sauti, mchana, watu wakiwepo. Baada ya hapo msiniulize kitu." Amekuja, na Taiwo amekuja, na Morenikeji ameacha kiti cha wafiwa na kukaa kando yake.

Sasa, kwa agizo la marehemu, na gazeti lenyewe alikuwa amelitunza chini ya godoro, habari ya ukurasa wa tano ya Ijumaa tarehe 10 Aprili 2015 inasema hivi: kwamba mashine nne za kusafisha damu zilizozinduliwa katika hospitali ya Odo-Ayan zilikodiwa kwa siku moja, kwamba hati ya kukodi ina saini ya Chifu Bolarinwa Agboluaje, na kwamba fedha za kununua mashine hizo zilikuwa zimeshatoka zote katika hazina ya jimbo. Ndiyo habari yote. Haimalizi dakika moja kuisoma.

Familia imepokea rambirambi za Mheshimiwa Gavana, pamoja na pendekezo lake kwamba chumba kile kiitwe kwa jina la marehemu, na tunamwomba mjumbe amfikishie majibu yetu kwamba hapana. Mheshimiwa mjumbe, ng'ombe wa mazishi mliyemleta amefungwa nyuma ya kanisa, amekula, amekunywa, yu mzima, mnaweza kurudi naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu, na waliomhudumia mke wake kule Ibadan bila kujua nani alikuwa akilipa na kwa nini, inawashukuru watangazaji wa Redio Owuro walioacha kiti chake bila mtu kwa mwaka mzima wakimngoja apone koo, inawashukuru majirani wote wa Isale-Odo, na wanafunzi wake wa zamani waliochimba kaburi kwa mikono yao. Jirani mmoja hatuna neno la kumwambia. Marehemu hakutuagiza tumwombee msamaha, alisema hana haki ya kuuomba kwa mdomo wa mtu mwingine, na mdomo wake mwenyewe amekufa nao.

Lala, kaka Olusanjo, ukiweza kulala, nasi tunakuombea uweze.