Verdiana na Hewa ya Nyumba Arobaini na Mbili

Verdiana Kokugonza alizaliwa Kashozi tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa pili wa marehemu mzee Kagaruki. Alisoma shule ya misheni hapo hapo, kisha akaenda Mwanza kusomea uafisa afya. Mwaka 1970 aliajiriwa Muleba, na Agosti 1973 alifunga ndoa na Mwalimu Protase Mwijage wa Kahororo.

Vita vilipoanza mwaka 1978, watu waliziba matundu ya hewa ya kuta kwa matope na majani ya migomba ili ndege za adui zisione mwanga usiku. Vita vikaisha, matundu yakabaki yamezibwa. Verdiana hakuridhika. Kuanzia 1984 alichunguza nyumba arobaini na mbili za Kahororo, Kagondo na Muleba: tundu likae wapi ili moshi utoke, joto libaki na kuni zipungue. Alitundika kitambaa cheupe ndani ya kila nyumba kwa siku saba, kisha akalinganisha masizi.

Lakini ndio wakati ulipoingia ugonjwa ule watu waliouita Juliana, na kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Ikavuma kwamba kitambaa cheupe ni alama ya nyumba yenye mgonjwa. Mzee Rugaibula wa Kagondo alimuuliza, "Mwana wange, hicho kinapima moshi au kinatupima sisi?"

"Tata," alimjibu, kama anavyoitwa baba, "kinapima paa lako."

Mzee alicheka, akakishusha hata hivyo. Vilishushwa vitambaa thelathini na kimoja. Verdiana alirudi mlango kwa mlango, akavitundika upya, na mwaka 1987 akamaliza: nyumba zenye tundu chini ya dirisha na jingine karibu na paa zilikuwa na nusu tu ya masizi ya nyumba nyingine.

Juni 1990 alipata upele wa mkanda wa jeshi, kisha homa, kisha mwili ukamwisha. Hapo shaka ikaingia nyumbani kwake. Protase alimshuku mkewe, mke akamshuku mume, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Jirani akaomba dirisha la upande wake lifungwe, eti hewa ya mgonjwa inaambukiza. Jirani huyo yuko hapa msibani leo, hatutamtaja. Protase, mwalimu mzima, akafunga madirisha yote na kuwaambia watu mkewe amesafiri. Mama wa watu akalala wiki tano gizani, katika joto. Protase anaona aibu kulisema hili.

Alistidia, dada yake Verdiana, alipofika kutoka Muleba aliyafungua bila kuomba ruhusa. Baada ya wiki mbili Protase alitaka kuyafunga tena.

"Shemeji, ninamwogesha, ninalala naye kitanda kimoja. Hewa yake imenifanya nini?"

Verdiana akamshika mumewe mkono. "Nikifa usiwaambie watu ni homa. Wataendelea kuwakimbia wagonjwa wao kwa kuogopa hewa."

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Februari 1991, saa nne asubuhi. Alikufa kwa UKIMWI. Hakurogwa, wala hakuugua homa ya kawaida, na ugonjwa huo hauenei kwa hewa ya chumba.

Ameacha watoto watatu, Nathanael, Gamaliel na Jovitha. Dada yake Alistidia, mzima wa afya. Na mumewe Protase, aliyeandika haya, ambaye Jumatatu atakwenda kupima.

Mungu ampumzishe kwa amani.