Makopa Niliyoanika Mwambani

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Nachingwea, nanyi mliokuja kutoka Ruangwa! Mimi ni Mama Leokadia wa Mkotokuyana. Shule yangu ni darasa la nne tu, mnivumilie.

Nilizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Wakati wa vita na Mreno, wakubwa walituamuru tusianike kitu cheupe mahali pa wazi, ndege zisijue kuna watu. Hata makopa, muhogo wetu wa kukausha, tuliyaanika chini ya miti. Huko yaliota ukungu, ilibidi kuyageuza kila mara. Nilikuwa msichana mvivu. Siku moja niliyamwaga juu ya mwamba, juani, yakauke upesi.

Ndugu zangu, ndege zilikuja kabla ya adhuhuri. Mabomu yaliangukia nyumba zetu. Watoto wawili wa dada yangu Veronika walikufa, pamoja na bibi aliyekuwa akiwalea. Pale hapakuwa na askari hata mmoja. Hata mmoja!

Tulivuka mto, tukaja kulima huku. Nikanyamaza miaka zaidi ya ishirini. Kwangu makopa hayakuingia. Jirani yangu Mmwera alinitania, "Mmakonde gani wewe unaogopa muhogo? Umeolewa na Mzungu?" Watu wakacheka, nami nikacheka, huku ndani naoza. Niliomba, nilifunga, lakini ukweli sikusema.

Amani iliporudi kule kwetu, dada akafungasha arudi. Nikaona akiondoka bila kujua, sitampata tena. Nikapiga magoti jikoni kwake, nikamwambia yote.

Uji ukafurika, hakuuepua. Kisha akasema, "Mdogo wangu, niliyaona. Asubuhi ile nikienda kisimani niliyaona mwambani. Nikasema nitayaondoa nikirudi."

Yesu wangu! Kumbe naye alikuwa amebeba mzigo uleule! Tulikumbatiana, tukalia kama tumefiwa siku hiyo.

Siwadanganyi kwamba sijuti. Najuta hata sasa nikiwa nimesimama hapa. Lakini hofu ya kumtazama dada usoni, Mungu ameiondoa. Namshukuru! Nawe unayemficha mwenzako jambo, mwamini Yeye, ukaseme angali yupo.

Miaka yote sikuthubutu kuwataja wale watoto. Leo nawataja. Ni Pius na Anjela. Na bibi yetu, Mariamu.

Tuwaombee.