Mzee Likwata, Hadubini Yake na Sungura Waliovalishwa Kola

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bwana Kondo Likwata anastaafu baada ya kuitumikia maabara ya kituo chetu cha afya hapa Kilwa Masoko kwa miaka thelathini na minne kamili. Ukitoa masomo, safari za kazi, likizo, sikukuu za Idi, na ile wiki ya mwaka 2009 alipobanwa kidole gumba na mlango wa jokofu, hajawahi kukosekana kitini pake. Kiti chenyewe kimebadilishwa mara tatu. Yeye hajabadilika.

Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na mmoja wa wakubwa wa kituo. Kila aliyeombwa alisema ana kazi nyingi, kisha akaongeza kwamba mwandiko wake ni wa kidaktari. Ndiyo maana kazi ikaangukia dirisha la kumbukumbu, ambako kuna anayejitolea tangu Januari na ambaye mwandiko wake, angalau, unasomeka.

Mzee Likwata alizaliwa Mingoyo mwaka 1965. Alifika Masoko mwaka 1991 akiwa msaidizi wa maabara, na alikuta hadubini moja tu, ile ya kioo kinachotegemea mwanga wa jua. Wazee wa hapa wanakumbuka kwamba siku ya mawingu alikuwa akiibeba hadubini na meza yake kutoka nje, akihama nayo kila jua linapohama, na foleni ya wagonjwa ikimfuata nyuma kama kuku na vifaranga. Baadaye alikwenda kusoma, akarudi mteknolojia kamili, na tangu mwaka 2006 amekuwa mkuu wa maabara.

Amechukua damu karibu kila kijiji cha wilaya hii. Safari moja alitoka Songo Songo na boksi la barafu lenye sampuli, akalipakata mapajani njia nzima. Mama mmoja ndani ya boti akamwuliza changu wake anauzaje. Mzee akajibu kwa adabu kwamba hawauzwi. Mama akahamia upande mwingine wa boti akilalamika kwamba watu wa Masoko wana maringo hata kwa samaki.

Kazi iliyomjengea jina ni ile ya damu za wateja wa kliniki ya VVU. Kila mtumishi mpya lazima apite kwenye somo lake, na somo halijabadilika neno. Damu, husema, ni kijiji. Kuna wabeba hewa, ambao ni chembe nyekundu. Kuna walinzi, ambao ni chembe nyeupe. Kuna mafundi wa kuziba matundu, ambao ni chembe sahani. Wote huzaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Kwa mtu mwenye VVU kijiji hiki kinaweza kuvurugika kwa njia nyingi: virusi vyenyewe, kifua kikuu, malaria, minyoo, chakula kidogo, na mara nyingine hata dawa. "Kwa hiyo usiniambie damu imepungua," humalizia huku akivua miwani. "Niambie nani kaipunguza."

Mwaka 2018 tulipoletewa mashine ya kupima picha kamili ya damu, tulidhani atafurahi. Alifurahi siku moja. Siku ya pili akaanza kuihakiki. Mashine ikitoa jibu, yeye anachukua tone, analipaka kwenye slaidi, anainama kwenye hadubini, na baada ya dakika kumi anatangaza kama mashine imefaulu au la. Kwa miaka saba amekuwa akiisahihisha kama mwalimu wa darasa la tatu.

Lakini haki itendeke. Mzee wetu naye amewahi kufeli, na waliomfelisha ni sungura.

Alianza kuwafuga nyuma ya maabara mwaka 2015, kwa nia njema kabisa. Alitaka wateja wa kliniki wapate kitoweo kisicho na gharama kubwa. Kwa kuwa aliwapenda, aliwalisha kibwana: ugali, pumba ya mahindi na mkate uliobaki. Majani aliyaona chakula cha kimaskini, akawapa kidogo tu kwa kupitisha siku. Baada ya wiki mbili akaanza kukuta kwenye banda vinyesi laini vinavyong'aa, vimeshikamana kama kishada cha zabibu ndogo. Mfugaji mwingine angeuliza. Mzee Likwata alichukua sampuli.

Ndiyo, alichukua sampuli. Ipo kwenye daftari la zamani: "Sungura namba 2, jike, choo." Chini ya hadubini akaona vijidudu virefu virefu, vingi sana, akahukumu kwamba hapo ndipo penye ugonjwa. Akawanyima majani kabisa, akiamini ndiyo yanayoharisha. Akawa anafagia banda kila alfajiri. Alipowaona sungura wanainama kujilamba nyuma, akaona huo ni uchafu unaorudi tumboni. Akakata maboksi ya glovu, akawashonea kola za shingoni, ili mdomo usifike.

Sungura sita wenye kola nyeupe wakakaa wamejipanga kama mahakimu. Na wakakonda. Mmoja akafa.

Afisa mifugo wetu, Bwana Boniface, alipoletwa, alicheka mpaka akashika mlango wa banda. "Mzee, umewafunga mdomo kwenye chakula chao wenyewe!" Ndipo akaeleza. Sungura anahitaji majani na nyasi kavu kuliko kitu kingine chochote. Nyuzinyuzi nene husukuma utumbo uende, kisha hutoka kama gololi kavu. Sehemu laini hubaki kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, na humo vijidudu huzichachusha na kutengeneza vitamini. Kisha hutoka zikiwa vile vishada vinavyong'aa, na sungura mwenye afya huviokota hapo hapo vinapotokea, akavila. Ni mlo wake wa pili. Akishiba pumba na ugali anaviacha, ndiyo maana vilionekana sakafuni. Vijidudu vile virefu ni wenyeji wa tumbo lake na hawana ubaya.

Kola zilivuliwa, nyasi zikaletwa, na sungura watano wakanenepa. Mzee Likwata, ambaye hufuta makosa ya mashine kwa kalamu nyekundu, alichukua kalamu hiyo hiyo akaandika pembeni mwa daftari: "Kosa la mpimaji." Hiyo ndiyo mara pekee maneno hayo yanaonekana katika maandishi yake, nasi tumelihifadhi daftari.

Sasa ni habari ya Bi Sada. Wengi mnamfahamu, kwa kuwa ndiye anayezungumza na wateja wapya kila Alhamisi. Amezisoma aya hizi na kuruhusu jina lake, kwa sharti kwamba Mzee asisifiwe sana.

Bi Sada ni mkulima wa ufuta wa Kiranjeranje. Kwao na kwa kina Likwata, Wamwera wa Mingoyo, ni watani, na ninyi mnajua mtani ana ruhusa gani. Mwaka 2023, baada ya dawa zake za kwanza kushindwa, alikuwa amehamishiwa mchanganyiko mwingine wa dawa tatu. Virusi vikashuka vizuri. Lakini damu nayo ikashuka. Mwanamke mzima hutakiwa kuwa na kumi na mbili kwenda juu, mwanamume kumi na tatu. Januari ilikuwa kumi nukta nne, Machi ikawa nane nukta tisa, na Mei ikawa saba nukta mbili. Alikuwa hawezi kutembea kutoka shambani mpaka nyumbani bila kuketi njiani. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, akavimeza vyote, na damu ikazidi kushuka.

Mei hiyo mashine ilikuwa haifanyi kazi, ikisubiri kemikali zake, na namba ile ilitoka kwenye kipimo kidogo cha mkononi. Mzee Likwata akapaka slaidi, akainama. Mtu aliyekosa chuma, chembe zake nyekundu huwa ndogo na zimepauka. Za Sada zilikuwa chache, lakini kubwa kupita kiasi. Akaichukua slaidi mkononi mpaka chumba cha Daktari Nusaiba wa kliniki ya VVU. "Daktari, huyu hana njaa ya chuma. Kiwanda chenyewe kimezuiwa." Daktari akaangalia, akafungua orodha ya dawa, akaweka kidole kwenye moja kati ya zile tatu. Inajulikana kwamba kwa baadhi ya watu dawa hiyo huuzuia uboho kutengeneza chembe. Ilibidi awasiliane na wenzake wa mkoa ili ibadilishwe. Siku ilikuwa Ijumaa. Akamwomba Sada aendelee kumeza kama kawaida, arudi Jumatatu.

Sada alikuwa amechoka kusubiri. Alisimama dirishani pa maabara, akaweka makopo ya dawa juu ya meza. "Haya, chukueni. Mnanipa dawa, mnanyonya damu, mnanipa dawa, mnanyonya damu. Mbu ana afadhali, yeye haniambii nirudi Jumatatu."

Kila mtu pale alijua maana yake. Akiacha dawa zote, virusi vitarudi, na safari hii dawa za kumbadilishia ni chache. Mzee Likwata hakumhubiria. Alimsimulia habari za kola. Alimweleza jinsi alivyoona kitu kibaya bandani, akafagia kila kitu, akaua sungura aliyetaka kumponya.

"Kwa hiyo mimi ndiye sungura?" Sada akauliza.

"Sungura anakuzidi, mtani. Yeye hatupi hata kinyesi chake chenye faida. Wewe unataka kutupa dawa tatu kwa kosa la moja."

Sada alicheka bila kupenda, akachukua makopo yake, akaondoka. Jumatatu hakuja.

Jumanne Mzee Likwata aliomba ruhusa, akapanda basi mpaka Kiranjeranje. Hakuvaa koti jeupe wala hakubeba faili, kwa sababu majirani wa Sada wakati huo hawakuwa wakijua lolote. Aliingia uani akapiga hodi, akasalimia, akaiona mbuzi ya kukunia nazi iko mlangoni pa jiko. Akaibeba begani, akatoka nayo.

Sada akatoka nyuma yake kwa kelele. "Mwizi! Mwizi wa Mingoyo huyo! Nitapikaje?"

"Ukiitaka, ifuate Masoko," Mzee akajibu bila kugeuka. "Ukichelewa naikalia mwenyewe, naota nayo mvi."

Majirani walicheka wakapiga makofi. Waliona mtani anachukua haki yake ya utani, basi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kondakta wa basi la kurudi ndiye pekee aliyelalamika, kwa kuwa mbuzi ilichana begi la abiria.

Jioni ile kwa Sada walikula mchicha mkavu, usio na nazi, na wanawe walilalamika. Jumatano saa mbili asubuhi Sada alikuwa dirishani. Hakusalimia. "Mbuzi yangu iko wapi?"

Ilikuwa chini ya meza ya Daktari Nusaiba. Kuifikia ilibidi aingie, na akiingia ilibidi aketi, kwa sababu pumzi ilikuwa imekwisha. Alikuwa hajameza dawa tangu Jumatatu. Siku mbili tu. Daktari alikuwa na kibali mkononi na dawa mpya mezani, ile moja ikiwa imeondolewa. Wakazungumza kwa muda mrefu mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka alikuwa na makopo mkobani na mbuzi begani. Akasimama mbele ya maabara akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka wodi ya wazazi, kwamba Mmwera akikuibia mara moja, hesabu vijiko.

Agosti damu ilikuwa nane nukta nane. Oktoba kumi nukta moja. Desemba kumi na mbili. Kila jibu Mzee alilihakiki kwa slaidi, na kila mara aliipasisha mashine kwa shingo upande.

Ijumaa iliyopita, tarehe 27 Juni, ilikuwa siku yake ya mwisho ya kupima. Sampuli ya mwisho aliyoisoma ilikuwa ya Bi Sada, aliyekuja kwa kipimo chake cha kawaida. Kumi na mbili nukta sita, chembe za ukubwa wa kawaida, virusi havionekani. Mzee Likwata alitoka ndani ya maabara, jambo ambalo hafanyi, akamsomea jibu yeye mwenyewe kwenye benchi.

Sada alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na yako ni ngapi, mtani?"

Daktari Nusaiba akaenda kulitazama faili la afya la mtumishi Likwata, akarudi nalo likiwa safi kama siku lilipofunguliwa. Miaka thelathini na minne, mikono ya watu maelfu, na wake mwenyewe haujaguswa. Mzee akasema kemikali zimebaki kidogo. Akaambiwa zipo boksi mbili. Akasema mshipa wake ni mwembamba. Akasema amefunga, na Ramadhani ilishapita miezi mitatu. Mwisho akanong'ona kwamba sindano anaziogopa tangu utoto, na kwamba angeomba jambo hili lisiandikwe kwenye wasifu.

Sada akaketi kando yake, akamkunjia shati mpaka juu ya kiwiko. "Tazama kalenda pale," akamwambia. "Ni kidogo tu, kama mchomo wa ncha ya nyasi. Mimi nimechomwa hapa mara ngapi?" Mzee Likwata akatazama kalenda, meno ameyauma, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya mikono miwili ya Sada, mpaka daktari aliposema tayari.

Mzee Likwata, ahsante kwa kila tone uliloliangalia mara mbili. Ahsante kwa waliorudi nyumbani kwa miguu yao wenyewe. Salaam kwa mkeo Bi Hafsa, ambaye sasa atajua tulichokuwa tukivumilia. Mungu akupe siku nyingi zenye heri, usingizi usiokatizwa na mlango wa maabara, na damu isiyoshuka chini ya kumi na tatu.